Programu za mashine za CNC: maswali ambayo mafundi wa Nairobi huniuliza kila wiki

Karakana yetu iko Kariobangi Light Industries na mlango haufungwi mchana, kwa hiyo watu huingia tu. Anakuja mtengeneza vitanda wa Gikomba ambaye ameona jirani yake akichonga maua bila patasi. Anakuja kijana aliyeagiza mashine ya mezani mtandaoni na sasa haimsikilizi. Maswali ni yale yale, na nimechoka kuyajibu kwa jumbe za sauti saa nne usiku. Naendesha rauta mbili, yaani mashine za CNC, zinazokata kwa biti (kisu chembamba kinachozunguka) huku kompyuta ikiiongoza: moja ya ubao wa futi nane kwa nne na nyingine ya mezani. Ninachokijua ni mbao, MDF, akriliki na alumini kidogo. Ya kukereza chuma kizito waulizeni wakongwe wa Industrial Area.

Nimeambiwa ninunue "programu ya CNC". Ni ipi hiyo?

Hakuna kitu kimoja chenye jina hilo. Kazi ziko tatu, na mara nyingi kila moja ina programu yake. Kwanza unachora umbo. Pili, programu nyingine inalitazama umbo lile na kuamua biti ipite wapi, izame kiasi gani, ianzie upande gani. Hapo ndipo msimbo wa G unapozaliwa. Tatu, programu ya kuendesha inausoma msimbo mstari kwa mstari na kuzisukuma mota.

Mfikirie mshona nguo. Kuna mtindo alioonyeshwa na mteja, kuna patani aliyoikata kwenye karatasi, halafu kuna mguu wake kwenye cherehani. Gauni likitoka bovu hakimbilii kulaumu cherehani. Lakini kwetu, mlango ukiharibika kila mtu anasema "mashine imekosea", wakati mashine imetii tu.

Msimbo wa G ni nini hasa? Lazima niujue, au programu itaniandikia?

Itakuandikia. Lakini lazima ujue kuusoma, angalau mistari kumi ya mwanzo. Hapa sibishani na mtu: nikiona fundi anabonyeza kitufe cha kuanza bila kufungua faili lake kulitazama, nasogea mbali na meza.

Lugha hii ni ya zamani. Mashine ya kwanza ya kukata kwa namba ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani, ikisoma maagizo yake kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa. Baadaye lugha ikawekewa kanuni: Wamarekani wana RS-274-D ya mwaka 1980, na kimataifa kuna ISO 6983. Tatizo ni kwamba kila mtengenezaji wa vidhibiti, yaani ubongo unaoendesha mashine, ameongeza lahaja yake, kama Kiswahili cha Mombasa na cha Nairobi: mnaelewana, mpaka siku mnapokosana kwa neno moja.

Hili hapa faili zima la kuchimba mstatili:

G21 G90 G17
G54
M3 S18000
G4 P3
G0 Z5
G0 X20 Y20
G1 Z-3 F600
G1 X120 F2400
G1 Y70
G1 X20
G1 Y20
G0 Z5
M5
M30

G21 inasema vipimo ni milimita. Ingekuwa G20, vingekuwa inchi. G90 inasema kila namba ihesabiwe kutoka sifuri ya kazi, si kutoka pale biti ilipo sasa. Hiyo ya pili ni G91. X ni kwenda kushoto na kulia, Y mbele na nyuma, Z juu na chini; G17 ni kuchagua sakafu ya X na Y. G54 ni sifuri uliyoiweka wewe kwenye ubao. M3 inawasha mota ya kukatia, S ni mizunguko kwa dakika, na G4 ni kungoja ishike kasi. G0 ni kwenda mbio hewani, G1 ni kwenda ukikata, na F ni mwendo wa kukata kwa milimita kwa dakika. Z ikiwa na alama ya kutoa, biti iko ndani ya mbao. M5 inazima, M30 inafunga faili.

Chora hizo namba kwenye karatasi utaona mstatili wa milimita 100 kwa 50. Lakini ukiweka biti ya milimita 6, mfereji wa nje utafika 106 kwa 56, na kisiwa kinachobaki katikati kitakuwa 94 kwa 44, kwa sababu namba zinaongoza kitovu cha biti, si ukingo wake. Ile programu ya pili ina kazi ya kukufanyia hesabu hiyo, mradi umeiambia ukweli kuhusu unene wa biti.

Kuhusu G20 na G21, nina kovu langu. Nilikuwa nachonga ua kwenye mlango wa kanisa, ua la inchi 12. Faili liliandikwa kwa inchi, lakini mstari wa G20 ulikuwa umepotea nilipokuwa nikilihariri, na mashine ilikuwa inasoma milimita. Ikachimba ua la milimita 12 katikati ya mlango, dogo kuliko kifuniko cha soda. Mzee wa kanisa alilitazama kwa muda mrefu sana.

Zipi ni za bure, na zinafaa kazi ya kweli?

Za bure na za halali zipo. FreeCAD ni ya bure kabisa, hata kwa biashara. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, na sehemu yake ya kutengeneza njia za biti, iliyokuwa ikiitwa Path, sasa inaitwa CAM. Ni ngumu mwanzoni. Wiki mbili za kwanza utaichukia. Kwa vibao vya majina na maua bapa, Inkscape inatosha kuchorea, na ina kiongezo cha Gcodetools cha kutoa msimbo. Kiri:Moto inafanya kazi ndani ya kivinjari, jambo zuri kwa mwenye kompyuta nyonge.

Fusion ya Autodesk ina leseni ya bure ya matumizi binafsi, na mafundi wengi wanaipenda kwa haki. Lakini tangu Oktoba 2020 leseni hiyo imebanwa: mwendo wa mbio wa G0 haupo, kwa hiyo biti inatembea hewani kwa mwendo ule ule wa kukatia, na kubadilisha biti kiotomatiki kumeondolewa. Kwa kazi yenye mashimo mengi utaona dakika zikiyeyuka. Na kama unauza unachokata, soma masharti ya neno "binafsi" kabla hujajenga biashara juu yake.

Sasa ArtCAM, programu ya kuchora na kuchonga nakshi. Kila nikigeuka kuna mtu ana ArtCAM ya wizi kwenye flashi. Autodesk waliacha kuiuza mwaka 2018, kwa hiyo hizo nakala hazirekebishwi na mtu yeyote aliye halali. Nimesafisha virusi kwenye kompyuta mbili za wenzangu waliozipata hivyo. Anayetaka ladha ile ile kihalali aangalie Carveco, iliyoendeleza kazi yake, au VCarve. Ni za kulipia. VCarve ndiyo naitumia kwa milango, na imeshajilipa.

Faili langu linafanya kazi kwa mashine ya rafiki lakini kwangu linakataliwa. Kwa nini?

Kwa sababu ya posti. Posti ni kipande kidogo cha programu kinachochukua njia za biti na kuzitafsiri kwa lahaja ya kidhibiti chako. Rafiki yako amechagua posti ya Mach3, wewe una GRBL (hizi, pamoja na LinuxCNC, ni programu za kuendesha mashine, nitazieleza hapo chini), halafu unashangaa.

GRBL haijui M6 ya kubadilisha biti, wala G81 ya kutoboa mashimo kwa mkupuo. Ikikutana nayo inakujibu "error:20" na kusimama. Huo ni ukaidi mzuri, afadhali mashine inayokataa kuliko inayobahatisha. Hatari ziko kwenye maneno ambayo pande zote mbili zinayajua lakini kwa maana tofauti. Tazama ile G4 P3 hapo juu. Kwenye GRBL na LinuxCNC ni kungoja sekunde 3. Mach3 inaweza kuwekwa ihesabu kwa milisekunde, na posti iliyolengwa huko itaandika P3000. Peleka hiyo kwenye GRBL, mashine itakaa dakika 50 ikizunguka bure, nawe umekaa kwenye kigoda ukidhani imekwama.

Nyingine ni tao, G2 na G3. Herufi I na J zinaonyesha kitovu cha duara kilipo, na Mach3 inaweza kuwekwa izihesabu kutoka sifuri au kutoka pale tao linapoanzia. Pakikosewa, utaona kwenye kioo cha kompyuta miduara mikubwa ya ajabu inayotoka nje ya meza kabisa. Ukiiona usibonyeze kitu. Rudi kwenye posti.

Mashine yangu ya Kichina haina kompyuta, ina rimoti ya mkononi tu. Inanihusu hii?

Inakuhusu nusu. Ile rimoti ndiyo programu ya tatu, imefungiwa kwenye kijisanduku. Bado utahitaji kuchora na kutoa msimbo kwenye kompyuta, kisha upeleke kwa flashi iliyopangwa kwa fomati ya FAT32. Majina ya faili yawe mafupi.

GRBL, Mach3 au LinuxCNC?

Inategemea mashine uliyo nayo na subira uliyo nayo.

GRBL ilianzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud, na inakaa ndani ya Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2. Kompyuta inakuwa tarishi tu: inatuma mistari kwa waya wa USB kupitia programu kama Universal Gcode Sender, Candle au bCNC, na Arduino ndiyo inayopiga hesabu za mota. Kwa hiyo hata laptopu iliyochoka inafaa. Bodi zenyewe utazikuta Luthuli Avenue. Mpaka wake ni mapigo kama 30,000 ya kusukuma mota kwa sekunde. Kama mhimili wako (upande mmoja wa mwendo: X, Y au Z) unahitaji mapigo 640 kwa kila milimita, huwezi kuvuka takriban milimita 2,800 kwa dakika, hata uipigie magoti. Kwa mashine ya mezani si shida. Kwa rauta ya nane kwa nne utaikuta inatembea kama mkokoteni wa Wakulima Market kwenye mlima.

Mach3 inatumia Windows, na wengi walianza nayo kwa sababu ndiyo iliyokuja na mashine. Ukiitumia kwa poti ya zamani ya printa, inataka Windows ya 32-bit. Toleo la majaribio linakubali mistari 500 tu ya msimbo, na ua moja la kuchonga linazidi hapo kabla hata petali ya kwanza haijaisha.

LinuxCNC ndiyo ninayoitumia kwenye rauta kubwa. Chimbuko lake ni kidhibiti kilichotengenezwa na taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, katika miaka ya 1990. Jina la LinuxCNC lilikuja mwaka 2011. Ni ya bure, inaendesha mihimili mingi, na unaweza kuifundisha karibu chochote. Bei yake ni muda wako. Kuiweka mara ya kwanza kulinichukua wikendi tatu, na mke wangu anazihesabu mpaka leo.

Ukiniuliza mimi: anza na GRBL. Hamia LinuxCNC siku GRBL itakapokubana, na siku hiyo utaijua mwenyewe.

Kompyuta ya mtumba itaweza?

Kwa GRBL, ndiyo. Kwa LinuxCNC, kasi ya kompyuta si hoja kubwa. Hoja ni utulivu wake. Programu ile inahitaji kuamka kwa wakati ule ule, maelfu ya mara kwa sekunde, bila kuchelewa. Ndani yake kuna jaribio la ucheleweshaji. Liache liende nusu saa huku ukifungua madirisha na kucheza video, uone namba mbaya kabisa itakayojitokeza. Laptopu nyingi hushindwa hapo kwa sababu zimeumbwa kubana betri, zinasinzia na kuamka zenyewe. Kompyuta nzito ya ofisi ya miaka kumi iliyopita, ile ambayo hakuna anayeitaka, mara nyingi huishinda laptopu mpya.

Na tafadhali usinunue ule waya wa kugeuza USB kuwa poti ya printa. Umetengenezwa kwa printa, hautaendesha mota.

Naagiza milimita 100, inatoka 97. Programu ina makosa?

Haina. Hujaiambia hatua ngapi zinafanya milimita moja. Mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva, kile kisanduku kinacholisha mota, ikizigawa kila moja mara 8, zinakuwa 1,600. Skrubu yako ikisogeza milimita 5 kwa mzunguko, gawa 1,600 kwa 5: ni 320. Namba hiyo ndiyo inaingia kwenye $100 ya GRBL kwa X, $101 kwa Y na $102 kwa Z. Kama bado kuna tofauti ndogo, sogeza urefu mkubwa, pima, kisha zidisha namba yako kwa ulichoagiza na ugawe kwa ulichopata. Kama tofauti inabadilika kila ukipima, achana na programu, kaza skrubu na mikanda.

Kasi niweke ngapi?

Mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno ya biti, mara unene wa kibanzi ambacho kila jino linameza. Kwa MDF na biti ya milimita 6 yenye meno mawili, mizunguko 18,000 mara 2 mara 0.1 ni milimita 3,600 kwa dakika. Hapo ni pa kuanzia, si amri. Tazama kinachotoka: ukiona vumbi laini kama unga na harufu ya kuungua, biti inasugua badala ya kukata, kwa hiyo ongeza mwendo au punguza mizunguko. Watu wengi hufanya kinyume, wanaogopa, wanapunguza mwendo, na biti inaungua kwa uoga wao. Saiprasi yenye mafundo ipe heshima yake, punguza kina cha kila mkato. Na vumbi la MDF si la kuvutwa, vaa barakoa.

Stima ikipotea katikati ya kazi?

Hili ndilo swali la Nairobi kuliko yote, na jibu la haraka la "nunua UPS" ni nusu ya jibu. UPS ya kompyuta itaokoa kompyuta. Mota za mashine zitazima, na mota za hatua hazina kumbukumbu. Kompyuta itaendelea kuamini biti iko mahali ambapo haipo.

Kinachookoa kazi ni swichi za mwisho, zile zinazoguswa mashine ikifika ukingoni, na zoezi la kurudi nyumbani, yaani mashine kwenda kwenye kona yake ya kuanzia. Stima ikirudi, inua biti kwa mkono ikiwa bado iko ndani ya mbao, kisha iagize mashine irudi nyumbani; kwenye GRBL ni $H. Hapo inajua tena kona yake. Sifuri ya kazi uliyoiweka kwa G54, GRBL huihifadhi hata ikizimwa, kwa hiyo ubao ukiwa haujasogea umerudi pale pale. Lakini kama sifuri iliwekwa kwa G92, imekwenda na stima. Chunguza leo programu yako inatumia ipi, usingoje giza. Asiye na swichi za mwisho achore alama ya kalamu na kuomba Mungu.

Halafu pa kuendelea. Watu hufuta mistari ya juu mpaka pale palipokatika, wanabonyeza kuanza, na biti inashuka ndani ya mbao ikiwa haizunguki. Sababu ni kwamba msimbo wa G unakumbuka: G21, G90, M3 na F viliandikwa mara moja tu, mwanzoni, na wewe umevifuta. Basi viandike upya juu ya kipande kilichobaki. Kisha inua Z juu, nenda X na Y ya pale kazi ilipokatika, na ndipo ushuke. Rudi nyuma mistari kadhaa. Kukata hewa sekunde tano hakuna gharama. Universal Gcode Sender na LinuxCNC zina njia ya kuanzia mstari unaouchagua, ila hata hapo soma kwanza zinachokusudia kufanya.

Inasimama yenyewe katikati, stima ikiwepo.

Mara nyingi ni kelele za umeme. Mota ya kukatia na kibadilisha masafa chake (kinachopanga kasi yake) huchafua nyaya zilizo karibu, na mawasiliano ya USB hukatika. Tumia waya mfupi wa USB wenye ngao, utenganishe na nyaya za mota, na uhakikishe waya wa ethi umefika ardhini kweli, si kwenye ukuta tu. Zima pia usingizi wa kompyuta. Niliwahi kusaka kelele siku mbili, kumbe ni laptopu iliyokuwa inalala kila baada ya nusu saa.

Naweza kujaribu faili bila kuharibu mbao?

Ndiyo, na ufanye hivyo. CAMotics ni ya bure na inakuonyesha mbao ikichongwa kwenye kioo. NCViewer inafunguka kwenye kivinjari. Zitakuonyesha miduara ya ajabu na kina kilichozidi. Hazitakuonyesha kibanio ulichokisahau katikati ya njia. Kwa hilo weka sifuri ya Z milimita 20 juu ya ubao, uiendeshe hewani, mkono ukiwa karibu na kitufe chekundu.

Nikutumie mchoro kwa simu unikatie?

Tuma, lakini usitume picha ya skrini. Nataka faili la mchoro la DXF au SVG, na uitume kama hati, maana ikienda kama picha inabanwa na mistari inageuka ukungu. Niambie vipimo viko kwa milimita au inchi. Na upime ubao wenyewe kwa venia (kipimo cha unene), kwa sababu MDF inayoitwa 18 nimeipima mara nyingi ikawa 17 na kitu, na kiungo kilichochorwa kwa 18 kitacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.